Jela ya Karibu na Jela ya Mbali

Minto, Sydney
Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu Honorine,

Pokea salamu zangu, wewe na wote wa nyumbani huko Bukavu. Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Uliniuliza kama ni kweli mwanao Rodrigue amefungwa katika jela ya kampuni, na kama kampuni inaweza kumlisha mtu ipasavyo. Ni kweli. Serikali ya hapa huilipa kampuni ilinde baadhi ya wafungwa. Nami nilikuwa na wasiwasi kama wako, kwa hiyo siku ya kwanza nilibeba bugali na sombe ya majani ya muhogo, kwa kuwa huko kwetu mfungwa asiye na ndugu hulala njaa. Askari wa mlangoni alivikataa. Rodrigue alinicheka, akasema kwamba mjomba alitaka aongezewe kifungo kwa kosa la sombe. Anakula vizuri.

Kamande, Mkenya wa kanisani kwetu, ni muuguzi aliyefanya kazi katika jela za aina zote mbili. Anasema ile ya kampuni huigharimu serikali kidogo zaidi kwa sababu askari ni wachache. Wasipotosha, wafungwa hufungiwa vyumbani mchana kutwa. Nilisema kwamba nafuu ni nafuu. Alinijibu kwamba, mzee, nafuu hiyo mfungwa haioni. Ile ya serikali anayoifahamu ina gharama kubwa, lakini ina karakana ya kuchomelea vyuma, mwalimu na cheti. Iko mbali, mwendo wa saa saba.

Sasa nikiri. Mwezi wa kumi Rodrigue alipewa nafasi ya kuhamia huko, akaniomba ushauri. Kwetu neno la mjomba halipingwi, nami nililijua hilo nilipomwambia abaki. Nilidai kwamba huko ataharibika. Haikuwa kweli. Nilitaka kumwona kila Jumamosi, maana tangu wifi yako afariki, nyumba hii haina sauti. Nafasi akapewa mwingine.

Jumamosi iliyopita nilimweleza. Akasema kwamba alikwisha kujua: mjomba hutoa sababu tatu kwa kila jambo, na siku ile alitoa moja tu. Ameomba upya. Orodha ni ndefu, na kifungo chake kimebaki mwaka mmoja.

Akitoka bila ufundi, usimlaumu yeye. Nilaumu mimi.

Nisalimie Lydie na wanawe. Mungu akutunze.

Kaka yako,
Masumbuko