Waya wa Baba Kwenye Meno ya Toto

Mdaku mwenzangu, sogea. Hizi ni barua zangu na za baba, sijapunguza makali hata moja. Mimi ni binti yake wa kwanza, nafanya kazi kwenye duka la kuchapa kadi na mabango, mjini. Baba ni fundi baiskeli kule nyumbani. Toto ni mdogo wangu, miaka kumi na mitatu, na ugomvi wote uko mdomoni mwake. Soma, halafu tuongee.

*4 Mei*

Mwanangu,

Hujambo? Kazi inaendaje, na kile kikohozi kimekuachia? Mimi mgongo tu, lakini nainama kama kawaida.

Barua hii anakuletea Toto mwenyewe. Mtazame mdomo. Umevimba kama kaumwa na nyuki, na jino moja la mbele linacheza. Huyo daktari wako wa meno ni mbabaishaji! Miezi minane amemtia mtoto vyuma, kila mwezi safari, na meno bado yamepishana kama watu wanaogombea mlango. Mimi rimu iliyopinda naitengeneza kabla chai haijapoa. Yeye kutwa "subirini, subirini." Hapa karakana nimeshawaambia wote: mtoto wako usimpeleke kwa yule mama. Nenda kamweleze, wala usimwonee haya.

Baba yako

*6 Mei*

Baba, shikamoo.

Toto kala, kalala, mdomo umeanza kushuka. Simu hupokei, kwa hiyo soma.

Nilikwenda. Ulisema nisimwonee haya, sikumwonea. Chumba kimejaa wagonjwa, nikasimama katikati nikamwita yule mama muuaji wa meno, nikamwita mfua bati. Mzee mmoja mwenye pamba mdomoni akanipigia makofi! Daktari akaniacha mpaka pumzi ikaniishia. Halafu akamlaza Toto kwenye kile kiti, akanipa kioo kidogo, akasema, "Dada, hebu niambie huu waya ni wa nani, maana wangu si huu."

Baba. Waya mnene, umezungushwa kwenye meno mawili ya mbele. Mizunguko mitatu, mkia umekunjwa ndani usichome mtu. Nani mwingine duniani anafunga hivyo? Nimekaa karakana kwako tangu sijui kusoma, vikapu vya baiskeli za mtaa mzima vimefungwa hivyo! Ulijua. Ulijua, na bado ukanituma nikamtukane mwanamke wa watu.

Nilitamani sakafu inimeze. Nikamwomba radhi mbele ya wale wale walionisikia. Yule mzee wa pamba akageuka kutazama ukuta.

Sasa nikueleze alichonieleza, maana mimi ndiye niliyempeleka Toto kwake na sikuwahi kuuliza. Vile vibati vidogo vilivyogandishwa kwenye meno ni vishikio tu. Kazi inafanywa na waya mwembamba unaopita juu yake. Umepindwa kufuata meno, lakini wenyewe unataka kurudi kwenye umbo lake, ndiyo unayavuta, polepole. Jino halisukumwi kama msumari kwenye ubao. Mfupa ulio mbele yake unalika kidogo kidogo, nyuma yake unaota mwingine. Ukilikimbiza, mfupa mpya haujaota, mzizi unaumia. Ile "subirini" yake ndiyo dawa yenyewe.

Na wewe unalijua hilo! Nilipokuwa na miaka kumi nilikaza spoku moja mpaka mwisho, rimu ikaenda upande, ukanikoromea siku nzima. "Robo mzunguko! Zungusha gurudumu, litazame, ndiyo ukaze tena!" Rimu unaihurumia, mwanao je?

Toto habanduki hapa.

Mwanao

*17 Mei*

Wewe binti,

Nimepata barua. Salamu umeweka mstari mmoja, kama unamsalimu konda. Sawa.

Ndiyo, nimefunga mimi. Tangu mama yenu atutoke, nani anawafunga vidonda, nani anawanyoa? Si plaizi hii hii iliyokutoa mwiba unyayoni ukaacha kuchechemea? Wenzake shuleni wanamwita Uzio. Kila akirudi analia, kucheka hataki tena. Nikasema nimsaidie, yaishe upesi. Nilipima kwa jicho, na jicho langu halijawahi kunidanganya. Mwenyewe alikubali.

Nyumba yake ni hapa. Jumamosi mpandishe basi. Na usinifundishe kulea, wewe ambaye hata maji unaunguza.

Baba yako

*2 Juni*

Baba, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Usingizi unapata? Nimeuliza, nisije nikaambiwa sikusalimu.

Jumamosi mbili zimepita Toto hajapanda basi, na hatapanda. "Mwenyewe alikubali"? Jana alikuwa anafua soksi zake, nikamuuliza. Hakuinua kichwa. Anasema siku ya kwanza alikubali kweli. Wiki iliyofuata akakwambia, "Baba, basi, inauma," ukamjibu, "Kidogo tu, vumilia." Wiki iliyofuata! Kumbe ulirudia! Na ulipompeleka stendi ukamwambia asiseme.

Daktari ameutoa waya wako. Jino amelishikiza kwa wenzake, halivutwi popote. Mpaka Agosti ndiyo tutajua kama mzizi uko hai. Toto anakula vya kunywa na vya kuponda tu, sketi inamvuka.

Na huko kwenu? Jirani yako mwenye saluni kanipigia. Alikuwa amlete binti yake kwa daktari huyu huyu, kaghairi, kwa maneno yako ya karakana. Mtu anaharibiwa jina kwa kazi ya plaizi yako!

Sharti langu moja tu. Simama hapo hapo karakana, mbele ya hao hao, useme ni wewe. Siku hiyo namleta Toto nimemshika mkono.

Mwanao

*11 Agosti*

Baba, shikamoo.

Juni yote kimya, Julai yote kimya. Dereva wa basi anasema barua alikupa mkononi, ukaikunja ukatia mfukoni.

Jino limeacha kucheza. Lakini limegeuka rangi, limekuwa kijivu. Limekufa ndani. Daktari ataliziba libaki mahali pake, na vyuma vitaendelea, polepole kuliko mwanzo. Toto kila siku anauliza kitu kimoja: "Baba ameandika?" Namwambia basi limechelewa. Nimesema basi limechelewa mpaka naona aibu.

Mwanao

*19 Agosti*

Mwanangu,

Hujambo? Na Toto hajambo? Mimi sijui niseme nini kuhusu mimi.

Nilipofika kwenye lile neno kijivu nilifunga karakana, saa nne asubuhi, watu wamejipanga nje. Nikakaa ndani peke yangu. Nilidhani jino ni kama kitu chochote kilichopinda. Nimekosa. Kwako nakiri. Kwa Toto nitapiga magoti. Kwa daktari nitakwenda kumwambia ana kwa ana, mlango ukiwa umefungwa.

Lakini karakana, mwanangu, hapana. Nimejaribu. Juzi nilisimama, wote walikuwepo, na mwenye saluni pia. Nikafungua mdomo, nikaomba mtu anipe pampu. Wakisikia fundi kaua jino la mwanawe kwa plaizi, nani ataniachia baiskeli yake? Toto huyo huyo atakula nini?

Nakuja Jumamosi na basi la kwanza. Kliniki nitamleta mwenyewe kila mwezi, sitagusa kitu. Mwambie ajiandae. Nyumba imekuwa kubwa mno.

Baba yako

Haya, mdaku mwenzangu. Leo ndiyo Jumamosi. Barua hii nilimsomea Toto yote, sikuruka neno. Hakulia. Kachukua begi, kaanza kukunja nguo. Nikamwambia, "Lakini hajasema mbele yao! Daktari wa watu bado wanamwita mbabaishaji!"

"Wewe ndiye unataka aseme mbele za watu," akanijibu. "Jino langu. Mimi nataka kwenda nyumbani."

Hasira imenijaa, na sijui tena ni ya nani. Hodi imeshapigwa mara mbili, naisikia sauti ya baba ikinong'ona jina langu kwenye tundu la kitasa. Toto kasimama nyuma yangu na begi mgongoni. Ufunguo ninao mimi.

Wewe ungefanyaje?