Mnara Usio na Msikiti

Guangzhou, Ijumaa, 13 Novemba 1998
Mwaka mmoja na miezi minane tangu nitoke Tanga

Mjomba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe.

Habari ya kifo chako ilinifikia kwa simu siku ya tisa baada ya mazishi, nikifunga marobota ya mabegi ya tajiri wetu hapa mtaa wa Dengfeng. Nilikaa juu ya robota. Kisha nikaendelea kufunga, gari la bandarini lilikuwa linangoja.

Ijumaa ile nilikwenda msikiti wa zamani wa mji huu kuomba usaliwe sala ya ghaibu, ya maiti aliye mbali, kama tufanyavyo kwetu. Msikiti una mnara mweupe wa duara. Nikakumbuka ule mji wa Hungaria ulikosomea ufundi wa pampu, ambao jina lake ulinifundisha mara nyingi na ulimi ukakataa. Ulisema Waturuki walijenga msikiti pale, wakafukuzwa, ukabomolewa, ukabaki mnara peke yake katikati ya nyumba za watu, juu wakatia msalaba. Kulikuwa na kanisa la mawe mlimani, chemchemi ya maji moto, mapango ya kuwekea mvinyo. Ulisali chini ya mnara ule, kwenye theluji, juu ya koti lako. Bibi mmoja akadhani umeanguka, akakuletea supu. "Nikamuuliza kwanza ni nyama gani," ulituambia.

Imamu Mchina alimsikiliza Hamadi, msimamizi wetu mwenye Kiarabu kidogo, akauliza maiti yuko wapi. Hamadi akajibu, Tanga. Imamu akatikisa kichwa. Watu wa madhehebu yao hawasali bila jeneza. Hamadi akaninong'oneza, "Mdogo wangu, hapa mjomba wako hajafa mpaka aletwe."

Nilicheka, Mjomba, nisamehe. Halafu nikalia.

Tulikusalia ghalani, watu wanne, kati ya marobota. Niliongoza mimi. Baada ya takbiri ya tatu nikasahau dua ya kukuombea, nikataja tu jina lako na la mama yako. Sijui kama ilikufikia. Hilo ndilo limenikaa kifuani. Huku watu huniuliza uzito wa mzigo tu, hakuna anayenisimulia kitu kama ulivyokuwa wewe.

Lala salama, Mjomba. Mkataba unaisha Mei, na Mei hiyohiyo nitarudi. Nikishuka basi sitapita nyumbani. Nitatawadha, nije makaburini, nikusalie upya, na ile dua nitaisoma yote.

Mpwa wako,
Shabani