Kamba Hai Marufuku Kwenye Matangi ya Baba

Mtaa wa Caltongo,
Xochimilco, Meksiko.
Jumapili, 9 Februari 2014.

Mpendwa Kaka Fidencio,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye, ndivyo tulivyolelewa. Hujambo wewe? Wifi Otilia hajambo? Nayeli ameshaota meno? Mama anauliza kama baridi ya huko kwenye mashamba ya matufaha imeachia, na kama koti alilokutumia bado linafunga vifungo, maana kwenye picha umenenepa. Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini Jumapili iliyopita, siku ya Candelaria, alikanda unga wa mahindi wa tamali peke yake na akatufukuza jikoni. Tulikula, tukakutaja.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu umenikatia mara mbili nikiwa katikati ya maneno. Karatasi unaweza kuichana, lakini isome kwanza.

Jambo lenyewe unalijua. Umemwagiza Baba mdogo Abundio aje kuchukua matangi ya Baba, yote matatu, eti samaki wanafia mikononi mwangu tangu nilipoanza kudharau desturi ya marehemu. Jibu langu ni hapana. Nimelitanguliza ili usome yaliyobaki umetulia.

Askofu alikufa tarehe kumi na nne Januari. Najua ulimpenda. Nami nilimpenda yule samaki na tumbo lake, na ile tabia yake ya kukukazia macho kupitia kioo kana kwamba umekosa misa. Ni wa tano tangu Baba atutoke. Mtaa mzima unasema samaki wanamfuata Baba kwa majonzi, na kwa muda mrefu hata mimi nilisadiki. Lakini Askofu alikonda mpaka mgongo ukachongoka, na huku anakula kila siku. Nikajiuliza, majonzi gani haya yenye hamu ya chakula?

Kwa hiyo nilimtia kwenye mfuko na kumpeleka kwa Daktari Irais, yule wa mifugo aliye jirani na soko. Akampasua mbele yangu. Kaka, utumbo wote ulikuwa umejaa minyoo weupe, kila mmoja amezamisha kichwa cha miiba kwenye nyama. Daktari alimvuta mmoja kwa kibanio, akatoka na kipande cha utumbo. Nikaambiwa nitazame vizuri, nikatazama.

Akaniuliza samaki wanakula nini. Nikajibu kwa majivuno kabisa kwamba wanakula kamba hai wa mferejini, wenye magando yao, kila Jumamosi, kama alivyofanya Baba miaka thelathini. Akaniambia nimletee hao kamba. Nilirudi na ndoo ya Baba mdogo. Alifungua kumi na wawili, na watatu kati yao walikuwa na mnyoo mchanga aliyejikunja chini ya gamba, mdogo kama punje ya ufuta. Alisema kamba anakula kila kitu kilichoko chini ya maji, pamoja na kinyesi cha samaki wagonjwa, na mayai ya mnyoo yamo humo kinyesini.

Hapo nilimtetea Baba, usifikiri nilinyamaza. Nilimweleza kwamba sisi si watu wachafu. Kamba tunawaweka siku tatu kwenye maji yaliyolala, na chumvi kidogo, tukibadilisha mpaka maji yabaki meupe, vilevile anavyofanya Mama kabla ya kupika. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunicheka.

"Hiyo inatoa tope tumboni," akasema. "Mnyoo hakai kwenye tope, anakaa mwilini mwa kamba. Sasa niambie, mkishawasafisha kamba wenu wa kula, mnawafanya nini?"

"Tunawachemsha."

"Na hao wa samaki?"

Siku zote hizo, Kaka, tumewasafisha kwa ajili ya sufuria halafu tukawatia kwenye tangi. Ukoo mzima wa watu wa mfereji, na hakuna aliyeliona hilo. Kweli mazoea yana taabu.

Nilikaa kwenye ngazi za soko nikalia, na nisiwe mwongo, sikumlilia Askofu. Nilikuwa nauona mkono wa Baba. Unakumbuka alivyokuwa akichagua kamba mnono kuliko wote na kumshika mgongoni ili asimkwaruze samaki mdomo? Alikuwa akiwapa ugonjwa kwa mkono wa mapenzi. Hakujua, na sitamruhusu mtu yeyote amlaumu. Lakini mimi sasa najua. Mimi nikirudia, mimi ndiye wa kulaumiwa, na wewe ukinilazimisha tutalaumiwa wote wawili.

Basi nimeacha. Kamba wanakaa kwenye friza wiki nzima, wawe mawe, kisha nawayeyusha na kuwakata. Daktari ameniambia baridi hiyo inamuua mnyoo. Sabina, aliyebaki peke yake kwenye tangi kubwa, siku tatu za kwanza alinitemea kila kipande kana kwamba nimemtukana. Siku ya nne akameza. Amepewa dawa pia. Daktari hakuniahidi kitu, kasema huenda alishaambukizwa zamani, lakini wiki ya tatu hii na mgongo umeanza kujaa. Wale sita wadogo wa matangi mengine hawajambo.

Sasa nikueleze ya jana, kabla hujayapata kwa mdomo wa mtu mwingine.

Baba mdogo alifika asubuhi na mkokoteni wa kubebea matangi, na ndoo ya kamba hai juu yake. Nikamwamkia kwa heshima, nikamwekea kahawa. Akaanza. Tangu lini samaki akala barafu? Eti namlea Sabina kama mgonjwa wa hospitali. Eti nimesomeshwa na daktari wa mbwa. Nilivumilia. Kisha akasema neno ambalo najua lilitoka kwako, maana ulinitupia hilohilo kwenye simu: babu alikula kamba hawa, Baba alikula, yeye anakula, na nani amekufa?

Nikaingia jikoni. Nikatoka na sahani, chumvi, pilipili na ndimu iliyokatwa. Nikachukua kamba mmoja kutoka kwenye ndoo yake mwenyewe, nikamweka katikati ya sahani, akasimama pale ameinua magando.

"Karibu, Baba mdogo," nikamwambia. "Kula huyo, mbichi hivyohivyo, mbele ya Mama. Ukimmaliza, mimi mwenyewe nitakusaidia kupakia matangi."

Alicheka. Mimi sikucheka. Basi na yeye ni mtu wa ukoo wetu, kichwa kigumu: akachukua ndimu akaikamua. Kweli akaikamua! Akamshika kamba mgongoni, vilevile kama Baba, akamwinua mpaka karibu na masharubu. Pale akakaa. Akamtazama kamba, akamtazama Mama.

"Abundio," Mama akasema, "usiniletee msiba mwingine humu ndani."

Akamrudisha kwenye ndoo. Akanywa kahawa yake yote, akala na tamali mbili za Mama. Nilidhani atabeba ndoo yake aondoke amenuna. Alipofika mlangoni akageuka na kuniuliza friza iko wapi.

Kamba wake wako humo sasa, pamoja na mbaazi za Mama. Mkokoteni ulirudi mtupu.

Kwa hiyo mjumbe wako ameshindwa, Kaka, na usitume mwingine. Ninajua uko mbali, na Baba ulimzika kwa simu, na hayo matangi ndiyo unayoona yamebaki yake. Sikulaumu kwa hilo, na huwa nalifikiria ninapoyasugua vioo. Lakini Baba hakutuachia ndoo ya kamba, alituachia samaki. Nimechagua samaki. Wewe ni mkubwa, na ukubwa jalala, kwa hiyo pokea na hili.

Nisalimie wifi Otilia, mwambie mchanganyiko wa pilipili alioomba, Mama atausaga wiki hii. Mbusu Nayeli mashavu yote mawili. Baba mdogo anakusalimu, ingawa hataki kuzungumza habari za jana. Mama anakuombea kila jioni. Mimi pia naomba Mungu akukinge na baridi, akujaalie afya, na akulainishe shingo hiyo.

Ukiona bado mimi ndiye mwenye makosa, njoo uyachukue mwenyewe. Sahani ile nimeiosha nikaiacha juu ya tangi kubwa, Sabina anaiona, na ndimu kwetu hazikosekani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukikata simu,

Nieves