Picha ya Kifua cha Bakari

Tanga

Mdogo wangu Mwanahamisi,

Marahaba kwa shikamoo uliyonitumia kwa watu wa kivukoni. Nakuuliza hali yako, na goti lako, na wanao. Mimi miguu imevimba, sishuki kitandani ila kwa kushikwa. Naanza na lililonikalia kifuani: kuhusu kifo cha mumeo Bakari, nimekuficha jambo miaka yote hii. Isome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Unajua kazi yangu hospitalini ilikuwa kutunza picha za eksirei. Nilizikuta zimerundikwa sakafuni. Daktari akitaka picha ya mtu ya mwaka uliopita, twapekua kutwa. Majina hayakusaidia, maana akina Bakari bin Ali peke yao walijaza rafu. Nikabuni utaratibu: kila mtu wa shamba la mkonge na bahasha yake, yenye namba ya kipande chake cha kazi, kile cheti cha kuhesabiwa siku zake, na kadi sandukuni ya kusema bahasha iko wapi na daktari kaona nini. Picha ikawa inapatikana kabla daktari hajavaa miwani. Nilisifiwa, nami nilizipenda zile sifa.

Nilisahau jambo ambalo kila mtu wa kwetu Mwera analijua, kwamba ndugu huazimana vipande. Nyapara wao ndiye aliyenisimulia baadaye. Siku shamba lilipoleta watu wapigwe picha za vifua, shemeji yako Mbwana alikuwa matangani. Bakari akaja na kipande cha nduguye, Mbwana asije akaandikwa mtoro. Mbwana aliporudi, akaja kupigwa yake kwa kipande cha Bakari. Hawakujua kwamba bahasha zangu hufuata namba, si uso.

Bakari alinijia kuuliza majibu. Nilimsomea kadi mwenyewe: mapafu safi. Akacheka. "Mwambie basi ndugu yako, shemeji. Nikikohoa tu, ananitazama kama ananipima sanda." Mbwana, kwa kadi ya namba yake, wakamlaza wodi ya kifua kikuu.

Yaliyofuata unayajua. Mbwana alitoka mzima, Bakari akafa akitema damu, nawe ukasema mbele ya wazee kwamba Mbwana kaenda kwa mganga, kamhamishia nduguye ugonjwa. Tangu hapo hajakanyaga ua wako. Nilikuwapo mkekani, nikanyamaza.

Ningesema, wangeuliza ni picha ngapi nyingine zimo katika bahasha zisizo zake, na watu walikuwa wakija kutoka hospitali nyingine kuuiga utaratibu wangu. Kurudi Mwera nako sikuweza, kukaa baina yako na Mbwana. Nimebaki katika chumba hiki, dirisha linatazama ukuta.

Nisalimie binti yako Zuhura, na mama mkwe wako, na mwalimu wa chuo. Mbwana mwite, umkalishe, umwombe radhi kwa ajili yangu kwanza, ndipo kwa ajili yako.

Huenda umeshanisamehe kwa kudhani niliyajua haya baada ya mazishi. Sivyo. Mbwana akiwa juma la pili wodini, walimpiga picha mpya, ikawa safi. Niliinua ile na ya kwanza mbele ya dirisha. Ya kwanza ilikuwa na mtulinga, ule mfupa wa begani, uliounga kombo, na aliyeanguka mnazi akavunjika mtulinga ni Bakari. Nikaandika kwenye kadi kwamba Mbwana amepona, nikafunga kabati. Sindano za kifua kikuu zilikuwapo wodini. Bakari alikuwa hai, yuko shamba, anakata mkonge.

Kaka yako,
Salehe