Mahindi Mbele ya Geti

Jumatatu, 24 Novemba

Nimegeuza mahindi tena. Nimefukuza kuku. Mgongo unauma. Sikudhani maisha baada ya mtihani wa Fomu Foo yangekuwa haya, lakini ni afadhali kuliko kuulizwa na wageni nitasomea nini.

Mahindi ni ya Kukhu, nyanya yangu wa Naitiri. Yamevunwa na unyevu kwa sababu mvua haikuacha. Ndicho chakula chetu mpaka mavuno mengine. Ndani ya ploti hakuna jua, kamba zimejaa nguo za wapangaji. Jua liko hapa tu, kati ya geti letu na barabara. Na hapa ndipo Baba Zuhura, jirani wa geti linalofuata, huegesha pikapu yake tangu nikiwa mdogo. Mbele ya geti lake mtaro uko wazi, vifuniko vilivunjika. Hatukuwahi kujali. Hatuna gari.

Jumanne, 25 Novemba

Leo Mama na Baba Zuhura wamegombana. 

Baba Zuhura alirudi mapema kutoka Endebess, anakouza sufuria. Turubai letu la mahindi lilikuwa bado chini. Akasimamisha gari katikati ya barabara, akangoja. Mama hakuinua kichwa. Baba Zuhura akapiga honi.

"Mama Nafula, si hapa ni barabara?"

"Ni barabara. Ni ya kila mtu. Hata mahindi."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Mwishowe Mama alivuta turubai nusu, gari likaingia. Nusu iliyobaki ikawa kwenye kivuli cha gari.

Nilikuwa nimeshika reki. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatano, 26 Novemba

Baba Zuhura alipoondoka asubuhi, Mama alipanga mawe kuzuia nafasi. Jioni Baba Zuhura aliyatoa. Hakuyatupa. Aliyabeba moja moja akayapanga vizuri kando ya ukuta wetu, kisha akaegesha. Hilo lilimuuma Mama kuliko kama angeyarusha.

Nimekatazwa kwenda kwa kina Zuhura. Zuhura ndiye mtu pekee ninayeongea naye bila kwanza kupanga maneno kichwani. Januari anahamia kwa shangazi yake Eldoret kusomea ushonaji. Zimebaki wiki chache tu, na sasa mambo ni haya.

Nilimpigia Baba, yuko Bungoma kazini. Akasema watu wazima waachwe wamalizane. Sijui watamalizana vipi na hawaongei.

Ijumaa, 28 Novemba

Mama aliamka kabla ya adhana. Nikasikia turubai likiburutwa. Nilipotoka alikuwa ameanika mahindi kuzunguka pikapu yote. Mbele, nyuma, hadi kwenye magurudumu. Umande ulikuwa haujakauka. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha usianike kwenye umande.

Akaniambia nilinde. "Akikanyaga hata punje moja, mahindi hayo nampelekea mzee wa mtaa kama ushahidi." Kisha akaenda kibandani kwake kuuza mboga.

Nikaelewa. Anataka Baba Zuhura akanyage.

Baba Zuhura alitoka na sufuria zake, akazipakia. Akaingia, akawasha gari. Nilifumba macho. Gari likazima. Alishuka, akachuchumaa, akaokota mahindi yaliyokuwa yamebanwa na gurudumu, akayapuliza vumbi na kuyarudisha kwenye turubai.

"Nafula, mama yako yuko?"

"Hayuko."

"Haya. Chakula hakikanyagwi."

Akashusha sufuria zote, akaita bodaboda. Zilifungwa nyuma ya pikipiki kama mnara. Nyingi zilibaki getini kwake. Nilikuwa na ufagio. Sikufagia kumfungulia njia. Nilisimama tu kama mtu aliyebandikwa ukutani.

Jumamosi, 29 Novemba

Tena vile vile. Umande, turubai, gari katikati. Baba Zuhura hakutoka hata kujaribu.

Mwenye bodaboda mmoja alipunguza mwendo: "Mama, ati siku hizi mnakausha magari? Yangu nilete saa ngapi?" Kicheko barabara nzima. Mama alijifanya kuhesabu mafungu ya sukuma wiki aliyokuwa akipeleka kibandani.

Nilikutana na Zuhura kwenye bomba la maji. Nilikuwa nimepanga maneno tangu jana. Yalikwisha kabla sijafungua mdomo.

"Ulikuwa na ufagio mkononi," akasema. "Baba aliniambia. Hakukasirika, bana. Mimi ndiye nimekasirika."

Akajitwisha mtungi akaenda. Nimelia chooni, ndipo mahali pekee penye komeo.

Jumapili, 30 Novemba

Kanisani Mama aliimba kwa sauti ya chini. Aligusa mahindi jioni, akauma punje moja. Bado laini. Yale ya pembeni yameanza kunuka ukungu.  

Nadhani anaona aibu na hajui pa kuiweka.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimefanya.

Mama alianika gizani, akarudi ndani kuchemsha chai. Nikatoka na ufagio. Sikuondoa mahindi yote. Nilikunja turubai pembeni na kufagia vijia viwili tu, upana wa magurudumu, kutoka kwenye gari hadi barabarani. Kila punje niliisogeza kando. Mistari ilinyooka.

Kisha nikagonga geti lao. Nilipanga maneno manne, nikayasema yote.

"Baba Zuhura, njia iko."

Alitazama vijia. Akapakia sufuria. Zuhura alitembea mbele ya gari kinyumenyume, mikono juu kama polisi. "Kushoto. Kushoto! Baba, si nimesema kushoto, utakanyaga!" Gari lilitoka polepole kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Hakuna punje iliyovunjika. Nilikagua.

Nilipogeuka, Mama alikuwa getini na kikombe cha chai.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Mahindi yanaoza, Mama. Unayaanika kwenye umande. Na Zuhura anaondoka Januari, na mimi sina mtu mwingine."

Sijawahi kumwambia Mama maneno mengi hivyo kwa pamoja. Nilingoja kofi. Alimwaga chai iliyobaki, akainama, akaanza kukusanya mahindi yote ndani ya gunia. Akasema tutaanika jua likitoka.

 Sikujuta.

Jumatano, 3 Desemba

Jua zuri jana na leo. Tumechagua yaliyoharibika tukayatoa. Mengine Mama ameyauma, yamelia kah. Yamekauka.

Baba Zuhura alirudi jioni, Zuhura akiwa naye ndani ya gari. Hakuja mbele ya geti letu. Alijaribu kuegesha mbele ya geti lake. Gurudumu moja lilikuwa karibu kuingia mtaroni. Akatoka, akarudisha, akajaribu tena.

Mama alikuwa anakung'uta turubai. Aliliacha chini. Akafunga leso vizuri, akatembea hadi katikati ya barabara, akamgeukia na kuanza kumwita kwa mkono. "Rudi. Rudi. Rudi huku. Kata kidogo. Hapo." Akapiga bodi ya gari kwa kiganja.

Baba Zuhura alizima gari mbele ya geti letu. Hawakusalimiana. Mama alizunguka nyuma, akasema, "Taa yako moja haiwaki."

"Nitaitengeneza."

"Tengeneza. Utagongwa."

Zuhura alishuka upande wa pili. Alinitazama kana kwamba ananipima. Kisha akanisukuma begani, si kwa nguvu, akatangulia kuingia kwetu bila kuuliza. Nikamfuata.