Aisingi Iliyochuruzika

Eliana,

Chai iko kwenye chupa. Nimewahi basi la Ihanja, nitarudi jioni. Biskuti za ubatizo zifungie kabatini, baba yako asizione.

Aisingi yako ya asubuhi, ile sukari ya kupambia biskuti, imechuruzika kwa sababu ulizidisha maji. Chekecha sukari nyingine, koroga mpaka iwe nzito. Chora ukingo kwanza, ukikauka ndipo ujaze katikati.

Najua umenuna kwa sababu nilicheka. Sikukucheka wewe, mwanangu. Nilijiona mimi nilipokuwa mdogo, namsaidia marehemu bibi yako kukandika nyumba. Nilizidisha maji, udongo wote ukateremka ukutani mpaka miguuni kwangu. Alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akanifundisha.

~~Biskuti zilizoharibika wape kuku.~~ Hapana, kuku waache. Ile yenye alama ya kidole chako niwekee, usiilainishe. Bibi yako aliacha alama ya kiganja changu pale ukutani, na kila mwaka akikandika upya aliikwepa.

Leo wajomba zako wanaibomoa ile nyumba. Ndiko ninakokwenda.

Mama