Mama, Jana Kaka Alikuigiza Ukumbini

Mpendwa mama,

Najua hukusoma, na barua hii hata ungekuwa hai ningekusomea mwenyewe. Lakini hasira yangu ulikuwa ukiitambua tangu ninapovua viatu mlangoni, na leo nina hasira ambayo sina pengine pa kuipeleka.

Kaka Rashidi anagombea udiwani. Jana wagombea watatu waliwekwa meza moja kwenye ukumbi hapa Nachingwea, wajibu maswali ya wananchi, na redio ikarusha moja kwa moja. Nilitoka Nambambo mapema, nimevaa gauni la Idi, nikakaa safu ya pili. Yule ni ndugu yangu, nilikwenda kumpigia makofi.

Ungemwona! Kwanza anavua saa, anaiweka mezani taratibu, utadhani muda wa ukumbi mzima ni wake. Anagonga kipaza sauti kwa kidole. "Ndugu zangu... ndugu zangu..." Halafu anahesabu kwa vidole: la kwanza barabara, la pili maji, la tatu halifiki, kidole kinabaki hewani. "Kama nilivyotangulia kusema," na wala hakuwa ametangulia kusema chochote. Akibanwa, anakunywa maji. Mwenzake mmoja alifoka muda wote kama anafukuza nyani shambani. Wa tatu, dada mmoja mpole, alijibu kile alichoulizwa, na hakuna aliyempigia makofi. Haya yote nilimsamehe kaka. Siasa ndivyo zilivyo.

Kisha akakuigiza.

Alishika kiuno, akainamisha shingo upande ule wako, akasema kwa sauti yako, kwa lafudhi yako ya Kimwera: "Mwanangu, mie sikusoma. Soma wewe, uje uwasaidie wenzio." Watu walivunjika mbavu. Nami nilicheka, mama. Nisamehe. Miaka mitatu sijakusikia, na kwa kitambo kile kidogo ulikuwa mle ndani. Halafu akili ikanirudi, damu ikachemka. Maneno yale hukuyasema hata siku moja. Nyumbani ulisema nasi Kimwera tangu kuamka hadi kulala. Kiswahili ulikiweka kwa ajili ya soko na wageni.

Unaikumbuka siku ya mahafali yake ya kidato cha nne, kule Ruangwa? Tulitoka kijijini kwetu Matambarale alfajiri, wewe na kanga yako mpya uliyokataza mtu asiiguse. Mkuu wa shule akaomba mzazi mmoja atoe neno. Wazazi wengine wakatazama chini. Wewe ukanyoosha mkono, ukasimama. "Mie mama Rashidi..." Hukufika mbali. Kaka alikuvuta kanga, akakunong'oneza, nami nilisikia: "Kaa chini, mama. Unaniaibisha." Ukakaa.

Tangu siku ile, kila palipokuwa na mkutano wa kijiji ulinituma mimi. "Nenda ukanisemee, mie mdomo wangu mzito." Mzito wapi! Shambani ulikuwa ukiwachekesha wanawake mpaka wanaacha kupalilia. Mdomo ule ulizibwa, na aliyeuziba sasa anautumia kuombea kura.

Basi zamu ya maswali ilipofika nilinyoosha mkono. Nikaanza kwa Kimwera. Mwongoza mdahalo akanikata: "Dada, tumia Kiswahili, tuko hewani." Sawa, nikatumia. "Kaka Rashidi, siku ya mahafali yako mama alisimama aseme, ukamkalisha. Alitaka kusema nini?"

Akanywa maji. Akatabasamu lile tabasamu la kwenye mabango yake. "Nakushukuru sana, dada yangu, swali zuri sana. Ndiyo maana, ndugu zangu, kipaumbele changu ni elimu ya mtoto wa kike."

Makofi! Mama, walipiga makofi, wengine wakasimama kabisa.

Nje akanishika mkono. "Somoe, mbona unaniumbua mbele za watu? Ile si siasa tu?" Nilimwambia mama yetu si siasa, na mkono wangu auachie. Asubuhi hii shangazi kanipigia simu: damu nzito kuliko maji, mpe ndugu yako kura. Kura yangu hapati. Hata akibaki mgombea peke yake, hapati.

Lakini jana, njiani kurudi Nambambo, niliendelea kumgombeza kaka moyoni, nikawa narudia swali lile lile: alitaka kusema nini, alitaka kusema nini. Hata mimi sijui. Baada ya mahafali yale niliishi nawe miaka mingi. Tulilima pamoja, tulivuna ufuta pamoja, nikakuuguza mpaka mwisho. Nilikusemea kwenye mikutano nisiyoweza kuihesabu, nikajiona mtoto mwema.

Na hata mara moja, mama, sikukuuliza.

Mungu akulaze pema.

Mwanao,
Somoe